Ngome ya Amu: Sanaa na Deni la Jengo

Katika miji mingi ya ulimwengu, majengo yaliyokwisha kazi yake ya awali, kama vile viwanda na maghala, yamegeuzwa kuwa makao ya sanaa. Nairobi inao mfano wake: kituo cha sanaa cha GoDown kilianzishwa mwaka 2003 katika jengo lililokuwa ghala, na jina lake ni lile lile ambalo wasemaji wa Kiswahili hulitamka gudauni. Amu haikuwa mji wa viwanda. Jengo lake kubwa lililogeuzwa ni Ngome, iliyokamilika kujengwa mwaka 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 Ngome hiyo ilikuwa gereza, kwanza chini ya serikali ya kikoloni, kisha chini ya serikali huru. Baada ya hapo ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikatumika kwa maonyesho, maktaba na mikutano ya wenyeji.

Swali linalozuka hapa ni la kimaadili: je, ni haki kutundika picha za kupendeza katika kuta zilizowafungia watu kwa zaidi ya miaka 70?

Mtazamo wa kwanza hudai kuwa sanaa hulitakasa jengo: palipokuwa na pingu pakiwa na rangi, uovu umeshindwa. Mtazamo huu unavutia, lakini una kasoro ya msingi. Msamaha ni haki ya aliyedhulumiwa. Rangi haiwezi kusamehe kwa niaba ya mfungwa, na chokaa mpya haifuti deni, hulifunika tu.

Mtazamo wa pili hushikilia kuwa jengo la namna hiyo liachwe lilivyo, ili ukimya wake uwe ushahidi. Wanaoshika rai hii wanaweza kutegemea Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo magofu ya Pate yanakuwa funzo juu ya upitaji wa dunia. Hata hivyo, funzo hilo halikutolewa na magofu. Lilitolewa na mshairi aliyeyatazama na kuyasemea. Pasipo yeye, kidaka kilichoingiliwa na ndege ni kiota tu. Isitoshe, jengo la mawe ya matumbawe lisilotunzwa hatimaye huporomoka, na ushahidi wake huporomoka nalo.

Basi ukimya hautoshi, na urembo peke yake hautoshi. Fasihi ya Kiswahili inatuonyesha njia nyingine katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapishwa mwaka 1973 na ambayo mashairi yake yalitungwa gerezani kati ya 1969 na 1972. Humo, vina na mizani havikuifuta dhiki. Viliibeba hadi ikamfikia msomaji aliyekuwa nje ya kuta. Kwa hiyo uzuri si adui wa kumbukumbu. Uzuri huwa na hatia pale tu unapodai ukimya kuwa sharti la kuwepo kwake.

Huenda mtu akapinga kwamba mchoraji wa jahazi si mwanahistoria, wala hana wajibu wa kuchora minyororo kwa sababu tu picha yake imepewa ukuta wa Ngome. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kutofautisha mabega. Wajibu wa kukumbuka haumwangukii kila msanii wala kila picha. Unawaangukia walinzi wa jengo. Wao ndio wanaopaswa kuhakikisha kuwa aliyeingia kutazama picha anaweza pia kuuliza mlango ule ulifungwa kwa nani, na kwamba jibu linapatikana, tena kwa lugha ya wenyeji. Jambo hili lina uzito zaidi tangu Mji Mkongwe wa Amu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kwa kuwa mgeni huja akitafuta kilicho kizuri, ilhali mwenyeji huenda ana jamaa aliyewahi kulala humo bila hiari yake.

Kwa kuhitimisha, haki ya kuligeuza jengo haipimwi kwa ubora wa kazi zinazoonyeshwa ndani yake. Hupimwa kwa swali ambalo jengo linaruhusu liulizwe. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Jungu hilo linaweza kupikiwa chakula kipya, na ni vema lipikiwe. Ila mpishi asiwaambie walaji kwamba limetoka dukani leo.