Sista Yuko Ulaya, Mama Yake Yuko Butiama



Leo tuongee kuhusu umisionari, ila si ule wa wageni kuja kwetu. Naongelea wa watoto wetu kwenda kwao.

Kuna sista mmoja mzaliwa wa Butiama. Huu ni mwaka wake wa sita katika mji mmoja wa Ujerumani, anahudumia wazee ambao hawana wa kuwatembelea. Siku ya kumuaga kulikuwa na Misa, ngoma, vitenge na vigelegele, picha zikajaa kwenye simu. Juzi katika kikao cha VIWAWA hapa Musoma nikapendekeza tuwe na mchango wa kudumu kwa ajili yake. Mwenzetu mmoja, anauza dagaa pale Mwigobero, akacheka: "Jamani, Ulaya kuna hela! Sisi wauza dagaa tumchangie nini mtu wa Ulaya?"

Swali zuri, na wengi wanalo moyoni. Tulipeleke kwenye Maandiko.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo anavuka bahari na kuingia Makedonia, anafika Filipi, mji wa Ulaya. Nani anampokea? Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa zambarau. Anabatizwa yeye na watu wa nyumbani kwake, kisha anamkaribisha Paulo na wenzake wakae kwake. Mtu wa sokoni kabisa, kama huyo mwenzetu wa dagaa.

Sasa fungua Waraka kwa Wafilipi, sura ya 4. Miaka imepita, Paulo yuko kifungoni. Anawashukuru Wafilipi kwamba alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada zaidi ya mara moja. Hapo "zaidi ya mara moja" ndipo penye somo la leo. Kumuaga mmisionari kwa shangwe ni jambo la siku moja, na kila mtu anapenda sherehe. Wafilipi walimkumbuka Paulo wakati sherehe imeshaisha. Tena hawakutuma mali tu. Walimtuma Epafrodito, mtu wa kukaa naye, na katika kazi hiyo Epafrodito aliugua karibu kufa.

Turudi kwetu Mara. Misioni ya Nyegina ilianzishwa mwaka 1911 na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1934 kijana wa Butiama aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma, na akiwa huko akaanza kwenda Nyegina kujifunza dini. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akaitwa Julius. Ndiyo, Mwalimu Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Piga hesabu: kutoka 1911 hadi ubatizo ule ni miaka 32. Kama waliowategemeza wamisionari wale wangechoka baada ya miaka mitano, nani angekuwepo Nyegina kumfundisha? Baadaye, mwaka 1946, wakaja Wamaryknoll kutoka Marekani. Musoma ikawa jimbo mwaka 1957, na mwaka 2010 likazaliwa Jimbo la Bunda. Mti huu umemwagiliwa muda mrefu sana.

Na waliomwagilia hawakuwa matajiri tu. Katika mji wa Lyon, Ufaransa, binti aitwaye Pauline Jaricot alianzisha mpango rahisi. Kila mtu atoe sarafu moja ndogo kwa wiki na asali kwa ajili ya misioni. Kila mkusanyaji atafute watu kumi. Walioanza kuchanga ni wafanyakazi wa viwanda vya hariri, watu wa kipato kidogo. Hapo ndipo lilipozaliwa, mwaka 1822, Shirika la Uenezaji wa Imani, lililosaidia misioni duniani kote. Pauline alitangazwa Mwenyeheri huko huko Lyon tarehe 22 Mei 2022. Watu kumi, sarafu moja, kila wiki. Si unaona? Ni kama Jumuiya zetu Ndogo Ndogo kabisa!

Basi, turudi kwenye swali: tumchangie nini?

Sista ameweka nadhiri ya ufukara. Anachopata kwa kazi yake ni cha shirika, si chake. Lakini pale kijijini watu wanasema, "Mama yule ana mtoto Ulaya," na kwa sababu hiyo hakuna anayemuuliza kama bati linavuja. Majirani wenye watoto mjini wanatumiwa hela kwa simu kila mwezi. Yeye alimtoa binti yake kwa Mungu, na uzee unamkuta peke yake. Ndugu yangu, huyo mama ndiye mchango wetu. Sista anaweza kuvumilia baridi na lugha ngumu. Kinachomkosesha usingizi ni kumuwaza mama yake.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Tafuta wenzako tisa, mwe kumi. Kila mtu atoe shilingi mia tano kwa wiki, hata kama wiki hiyo dagaa hawakutoka. Vijana wa Bunda, mkienda Musoma mkifika Makutano, kateni mwingie Butiama. Bisheni hodi, semeni "Shikamoo mama," chota maji, lima palizi, kaa kidogo usikilize. Kisha mtumie sista ujumbe wa sauti, mama mwenyewe aongee. Na katika Rozari ya Jumuiya mtajeni kwa jina. Mwaka huu, mwakani, na mwaka ule ambao kila mtu atakuwa amesahau sherehe ya kumuaga.

Mzee wa Kijerumani atakayeshikwa mkono na sista jioni ya leo hatajua kamwe kwamba kuna kijana Butiama alipanda juu ya paa kupiga misumari. Mungu anajua.

Tusali: Bwana Yesu, uliyewatuma mitume wako hadi miisho ya dunia, walinde watoto wa Mara walio mbali. Utupe sisi tuliobaki moyo wa Lidia na uaminifu wa Wafilipi, tusichoke njiani. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!