Nani Anajua Ulipo?

Wakazi wa Laiser Hill na Kitengela wanaopenda kupanda vilima vya Ngong au kuteremka kuelekea Magadi wanaweza siku hizi kununua kifaa kimoja chenye GPS na redio ya mawasiliano. Wauzaji hukisifia ramani, kioo na betri. Mimi naona kinaibua swali la kale: aliyepotea amekosa nini hasa? Nasema amekosa mwenzake anayejua alipo, na mnunuzi aanzie hapo.

Tazama GPS inavyofanya kazi. Setilaiti zake huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,000 hivi, zikitangaza saa bila kukoma. Kifaa kikinasa nne au zaidi hukokotoa mahali kilipo, kikikosea kwa mita chache tu. Lakini kazi yake ni kusikiliza. Setilaiti haina habari kwamba upo. Mtu aliyevunjika mguu korongoni, upande wa magharibi wa Lamwia, kilele cha Ngong chenye mita 2,460, anaweza kuzisoma tarakimu za mahali alipo mpaka betri iishe, na asije mtu. Redio nayo ina udhaifu. Mawimbi yake hupita karibu moja kwa moja, na mgongo wa mlima ukiingia kati sauti hukatika. Umbali unaotajwa kwenye boksi ni wa mahali pasipo kizuizi. Hata hivyo, hiyo ndiyo nusu inayomhitaji mtu wa pili. Garmin Rino, kwa mfano, hutuma mahali ulipo kwa njia ya redio, pakaonekana kwenye ramani ya mwenzako.

Muumini atanijibu kwamba Mungu anajua alipo, na hilo latosha. Kitabu cha Mwanzo chenyewe hakimwachi hapo. Mungu anamuuliza Adamu yuko wapi, ilhali hakuna kinachomfichika. Halafu anamuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi, na hapo Kaini anajaribu kulikana jukumu. Kujua kwa Mungu hakukumwondolea Kaini wajibu wa kujua. Wafugaji wa Kimaasai wa Kajiado wameishi hivyo tangu zamani: wakikutana njiani hupeana habari kwa kirefu, za walikotoka, malisho, maji na mifugo, hata anayetembea peke yake akawa ameacha habari zake kwa watu.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaokwenda porini kutafuta upweke, wasitake kufuatwa na jicho la mtu. Haja hiyo naiheshimu, na redio ina swichi. Ila asiporudi, kuna watakaopanda usiku, kwenye upepo ule wa Ngong, kumtafuta bila kujua waanzie wapi. Upweke wake utakuwa umelipiwa na wengine ambao hakuwauliza.

Kwa hiyo afadhali vifaa viwili vya kawaida vinavyoelewana kuliko kimoja cha bei kali, maana kutumiana mahali mara nyingi huwezekana kati ya vifaa vya aina moja tu. Tena vingi vimetengenezwa kwa masafa ya Marekani. Hapa Kenya masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, basi uliza kwanza kama kifaa kimeidhinishwa: hewani pia kuna majirani, na huenda mmoja wao yuko kwenye dharura.