Namba na Jina

Nikiri mapema: napenda bastola za zamani. Sina hata moja na sijawahi kuomba kibali. Ninachokusanya ni vitabu, picha na michoro. Naweza kukaa nusu saa nikitazama Mauser C96 ya mwaka 1896, ile yenye mpini kama wa ufagio, au Luger ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea mwaka 1908. Ikifyatuka, goti lake la chuma linajikunja kwa juu kama mguu wa panzi, linatupa ganda, linanyooka na kuingiza risasi nyingine. Inapendeza, sitasema uongo.

Wakusanyaji wa kweli wana masharti yao. Luger ilipigwa namba mpaka kwenye vipande vidogo, na mkusanyaji hutaka namba zote zioane. Kipande kimoja kikitoka kwenye bastola nyingine, bei inashuka. Chuma kinatakiwa kiwe na ukoo kamili.

Mwaka jana nilikwenda Sikonge kumwona babu yangu, mrina asali. Nilipomaliza kumwamkia, macho yakaenda juu ya mlango wa chumba chake. Gobore halipo. Alikuwa amelisalimisha polisi, serikali ilipotangaza msamaha. Gobore lile nalijua tangu utotoni: unamimina baruti, unashindilia kwa mdeki, unatia gololi, unaweka fataki. Nikasikitika kuliko mwenyewe.

"Babu, ile ilikuwa kumbukumbu. Si ungeniachia mimi?"

Akacheka. Akasema polisi waliligeuzageuza wakitafuta namba, wasiione, wakaandika kwamba haina. "Namba halina, mjukuu wangu. Lakini jina linalo."

Ndipo akanisimulia. Zamani, akiwa kijana, jioni moja porini alimpiga rafiki yake akidhani ni ngiri. Yule mtu alipona, ila alichechemea mpaka anakufa. Wazee waliyamaliza. Babu hakuyamaliza. Hadi leo, kila msimu wa asali, debe la kwanza linakwenda kwa watoto wa yule rafiki. Miaka yote nimeyaona madebe yale yakitoka, nikidhani ni biashara.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza kuhusu Churchill. Mashabiki wa C96 wanapenda kukumbusha kwamba alikuwa nayo Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, na akaitumia. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nilisisimka. Siku ile waliuawa Wasudani zaidi ya 10,000. Aina ya bastola naijua, mwaka wake naujua, mkono ulioishika naujua. Waliosimama mbele yake simjui hata mmoja, na aibu yangu ni kwamba sikuwahi kuuliza.

Kwetu Tabora kumbukumbu inakaa kinyume. Barabara ya misafara ilipandisha bunduki na baruti kutoka pwani, ikateremsha pembe na watu. Januari 1893, Wajerumani walipoingia ndani ya boma lake, Mtemi Isike wa Unyanyembe alilipua baruti yake akiwa humo humo. Jina la Isike lipo hadi leo. Baruti ile ilitengenezwa na nani? Hakuna anayejali.

Utaniambia chuma hakina kosa, mbona panga nalo linaua. Ni kweli, lakini panga linafyeka shamba na gobore la babu lilileta kitoweo. Bastola ya afisa ilibuniwa ielekezwe kwa mtu. Uzuri wa goti lile la panzi ni uzuri wa kuweza kumpiga mtu wa pili haraka baada ya wa kwanza. Siwezi kuusifu kana kwamba haujui kazi yake.

Hata hivyo, vitabu vyangu sijavichoma. Kuacha kutazama si toba. Pengine ni njia nyingine ya kusahau. Babu hakutubu kwa kulitupa gobore. Alikaa nalo juu ya mlango miaka yote, na debe likaenda. Ninachoanza kuamini ni kwamba anayependa kitu cha namna hii anarithi na deni lake.

Mimi debe langu nalipeleka kwa nani? Juu ya picha ya Mauser nimeandika kwa penseli: Omdurman, 1898. Chini yake nimeacha mstari wa jina. Bado ni mtupu, na kila nikifungua kitabu ndio ninaouona kwanza.