Mazungumzo ya Kisimani

Somo: Yohana Mtakatifu, mlango wa 4, aya ya 1 hadi ya 42



Habari tunayotaka kuitafakari pamoja safari hii si ngeni kwenu: ni ile ya Bwana wetu na mwanamke Msamaria, penye kisima cha Yakobo. Mara nyingi imehubiriwa kwa ajili ya maji ya uzima, au kwa ajili ya wale waume watano. Leo twaomba mwitazame kwa upande mwingine. Tazameni jinsi mazungumzo yenyewe yalivyokwenda, tangu neno la kwanza hata la mwisho.

Sisi tuliofundisha shule tuna desturi ya kuhesabu. Tukihesabu, twaona kwamba Bwana Yesu alisema na mwanamke yule mara saba, naye mwanamke alisema mara sita. Mara ya kwanza Bwana aliomba maji ya kunywa. Mara ya pili na ya tatu aliendelea na habari ya maji, akiinua maana yake kidogo kidogo. Habari ya mume haikutajwa mpaka mara ya nne. Na kwamba yeye ndiye Masihi, hilo alilisema mara ya saba, mwisho kabisa.

Angaliweza kuanza na hilo la mwisho, maana alilijua. Lakini ilikuwa saa sita ya mchana, na mbele yake alisimama mtu wa taifa lisilochangamana na Wayahudi. Mwanamke yule kama angaliambiwa habari ya waume zake kwanza, yaelekea angalijitwika mtungi wake akaenda zake. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba somo jipya huanzia katika jambo ambalo mtoto amekwisha kulijua. Bwana alianza na kisima, kiu na maji, vitu ambavyo mwanamke alivijua kila siku. Mwisho wake ni kwamba aliuacha mtungi, akaenda mjini kuwaita watu, nao wakamsihi Yesu akae kwao, akakaa siku mbili.

Tena angalieni kwamba Bwana alianza kwa kuomba. Alikuwa amechoka kwa safari, wala hakuwa na chombo cha kutekea. Mwanamke ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia. Hivyo alimpa heshima ya kuwa mwenye kutoa, kabla yeye mwenyewe hajampa kitu. Sisi tukimwendea jirani aghalabu twapenda kwenda na shauri mkononi. Lakini mtu anayeomba kijiti cha kiberiti, au anayeuliza mahindi ya shamba lile yamestawije hata kupita ya wengine, amemwonyesha mwenzake kwamba anamhesabu kuwa mtu.

Ndugu zangu, jambo hili latugusa hapa hapa parokiani. Yuko Mkristo ambaye hajaonekana kanisani kwa miezi mingi. Mgeni wa kwanza kufika kwake anachukua daftari la ahadi. Wa pili anakwenda kumwuliza kwa nini haji kushiriki Meza ya Bwana. Siku hizi tena kuna ujumbe wa simu wa kumkumbusha mchango wa ujenzi. Yote hayo ni mambo ya haki, na kazi ya kanisa haiendi bila hayo. Lakini kama hayo ndiyo maneno pekee anayoyasikia kutoka kwetu, atayapokea namna gani? Huenda ameuguza mwaka mzima. Huenda mwanawe amepotelea mjini, au ana deni linalomnyima usingizi. Hatasema. Atajibu, “Ni kazi tu, mzee wangu, nitakuja,” naye mgeni atapiga alama katika daftari na kuondoka. Siku tutakapopata habari kamili itakuwa siku ya matanga.

Walimu wenzetu wanalijua jambo hili. Mtoto mwenye shida kubwa nyumbani hamwendei mwalimu aliyemwita jina wakati wa mahudhurio tu. Humwendea yule aliyekwisha kumwuliza habari ya mbuzi wake, na kesho yake akakumbuka kuuliza kama mbuzi amezaa. Neno zito hupita katika njia iliyokwisha kulimwa na maneno mepesi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazee wetu katika imani walifanya vivyo hivyo. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na baadaye, mwaka 1874, akawekwa kuwa Askofu. Kwa kukaa na watu wa Unguja alijifunza Kiswahili, akasikiliza hadithi zao za kale, akaziandika kama walivyosimulia. Mwaka 1870 alizitoa katika kitabu, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha kufundishia lugha yetu. Ni kweli kwamba alikuja kuhubiri. Lakini mtu anayekaa kusikiliza hadithi ya sungura mpaka mwisho amewaambia wenyeji kwamba maneno yao yana thamani. Kanisa Kuu la Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa sikukuu ya Noeli mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lilijengwa kwa mawe. Imani ya watu ilihitaji kujengwa kwa kitu kingine, na sehemu yake moja ilikuwa mazungumzo ya namna hiyo.

Katika Luka Mtakatifu, mlango wa 24, twamwona Bwana aliyefufuka akiwafuata wanafunzi wawili njiani kwenda Emau. Aliwauliza wanazungumza nini. Walipomshangaa kwa kutojua mambo ya Yerusalemu, akawauliza tena ni mambo gani. Yeye aliyesulubiwa, hakuna aliyeyajua mambo hayo kuliko yeye! Hata hivyo aliwaacha waseme huzuni yao yote kwanza, kisha ndipo akawafunulia Maandiko.

Lakini kuna hatari mbili. Ya kwanza ni ya marafiki wa Ayubu. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, maana waliona uchungu wake ni mkuu mno. Kama wangalirudi makwao siku ya saba tungaliwasifu hata leo. Walipofungua vinywa walianza kutafuta kosa lake. Penye msiba au ugonjwa, kukaa kimya na mtu nako ni mazungumzo. Hatari ya pili ni ulimi usio na mlango. Tuliloambiwa barazani kwa siri likasikika kisimani kesho yake, hata likivikwa vazi la “tumwombee ndugu fulani”, mwenye siri hatatuambia lingine tena. Pengine hatamwambia mtu yeyote wa kanisa.

Basi tufanye nini? Tuanze na salamu. Lugha yetu ina salamu nyingi: za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za watoto. Lakini twaweza kuuliza zote na kuzijibu “njema” huku miguu yetu inakwenda. Baada ya ibada Jumapili hii, kila mmoja wetu amchague mtu mmoja ambaye si wa jamaa yake wala wa kikundi chake. Amwulize habari, kisha asimame angojee jibu. Alilosikia alikumbuke, na Jumapili ijayo aliulizie. Akiahidi kwenda, aende siku ileile. Na wale wenye kazi ya daftari, twawaomba wamtembelee kila mtu angalau mara moja kwa mwaka bila daftari.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeketi kisimani umechoka, ukamwomba maji mtu ambaye wengine wasingesema naye: utupe masikio ya kusikiliza, na ulimi wenye kutunza, ili jirani zetu wapate kwetu mahali pa kuweka mizigo yao, na kwa njia hiyo wakufikie wewe, uliye hai na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.