Kujitegemea si Kujitenga: Fikira juu ya Puli Iliyoganda

Yako maswali ambayo wanafalsafa huyajadili katika vitabu vizito, nayo hutujia sisi tukiwa tumelala chali juu ya gunia, chini ya injini ya gari, mikono imejaa grisi. Mojawapo ni hili: mtu anayejitegemea ni yule asiyemhitaji mwenziwe, au ni yule ajuaye kumhitaji mwenziwe pasipo kupoteza utu wake? Twakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya tukio dogo lililotupata wenyewe.

Mwaka 1983 tulikuwa tukiishi Tanga. Vipuri vya magari vilikuwa adimu nchini kote. Bei ya mafuta katika soko la dunia ilikuwa imepanda mno, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba ya taifa, na fedha za kigeni hazikutosheleza mahitaji. Gari letu kuukuu lilikuwa likivuja oili mbele ya injini. Ubovu ulikuwa katika sili, yaani kipete cha mpira kinachozuia oili pale ncha ya krenki inapotokeza nje. Sili mpya tuliipata kwa taabu. Lakini ili kuifikia, ilikuwa lazima kwanza tuiondoe puli.

Puli ni nduguye kapi. Mabaharia wa mwambao walijua kapi tangu zamani: gurudumu lenye mfuo ambamo kamba hupita wakati wa kupandisha tanga. Puli ya injini nayo ina mfuo, ila badala ya kamba hupita mkanda uzungushao feni na pampu ya maji. Puli hii huchomekwa kwa kubana katika ncha ya krenki. Kipande kidogo cha chuma kiitwacho kii huizuia isiteleze, na bolti moja kubwa huikaza katikati. Ikikaa miaka mingi katika hewa ya chumvi, kutu hujaza kila upenyo, na vyuma viwili huwa kama kimoja.

Hayo yote tuliyajua. Tulikuwa tumesoma, tuliweza kueleza ubaoni kanuni ya wenzo na kanuni ya msuguano. Bolti ilitoka, puli haikutoka. Tukatia mtarimbo nyuma yake, tukamwambia mpwa wetu, mtoto wa darasa la sita, aushike kwa nguvu. Tukapiga nyundo. Tukapiga tena. Puli ile ilikuwa ya chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakipindi: kikielemewa, huvunjika. Pigo la mwisho lilimegua ukingo wake, na kipande chenye ncha kikapita kando ya sikio la mtoto, kikagonga ukuta. Mtoto hakulia. Alitutazama tu, mtarimbo ungali mikononi mwake.

Tuseme kweli. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mzee mmoja, fundi wa magari tangu ujana wake. Kila asubuhi tulimwamkia na kupita. Mbona hatukumwita? Tulijijibu kwamba Azimio la Arusha la 1967 limetufundisha kujitegemea, na mtu mzima hufanya kazi zake mwenyewe. Jibu hilo lilikuwa zuri kulisikia, tena lilikuwa la uongo. Hatukumwita kwa sababu alisoma hadi darasa la nne, nasi tuliona haya kumuuliza. Tuliivika kiburi chetu nguo ya siasa ya taifa, na gharama yake nusura ailipe mtoto.

Jioni ile tulikwenda kwake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia nyundo tangu asubuhi.”

“Mbona basi hukuja, mzee wangu?”

“Hukuniita. Tena mtu apigaye nyundo namna ile hasikii hodi.”

Alikuja na taa ya kandili. Hakugusa nyundo. Alipitisha kidole pale ukingo ulipomeguka, akaguna, akasugua kutu kwa brashi ya waya, kisha akadondosha mafuta mepesi kuzunguka ncha ya krenki. “Tulale,” akasema. “Mafuta yatafanya kazi usiku.” Tulipomuuliza kama moto usingeharakisha mambo, alikubali kwamba joto hutanua chuma, na puli ingelegea kidogo, lakini alituonyesha mpira wa petroli uliopita karibu, akanyamaza.

Asubuhi alileta bamba nene la chuma lililokatwa katika fremu ya lori bovu, ambalo alikuwa amelitoboa mwenyewe. Kwanza aliirudisha ile bolti kubwa mizunguko michache tu, ili hesi za ndani ya krenki zisiumizwe, na ili puli ipate nafasi ya kusogea. Katika uso wa puli mlikuwamo matundu mawili yenye hesi, ambayo sisi tuliyaona siku nzima tusiulize yamewekwa kwa ajili gani. Alipitisha bolti mbili katika bamba, akazikaza humo; na katikati ya bamba akaweka bolti ya tatu, iliyosukuma ile ya krenki. Akakaza robo mzunguko. Akangoja. Akagonga kichwa cha bolti polepole, mara moja. Akakaza tena. Kwa muda mrefu hatukuona kitu. Kisha ukasikika mlio mfupi, na puli ikasogea unene wa ukucha. Baada ya hapo ilitoka kama kofia kichwani.

Nguvu aliyoitumia mzee ilikuwa kubwa kuliko yetu, kwa maana bolti hukusanya nguvu nyingi kuliko mkono wenye nyundo. Tofauti ni kwamba nguvu yake ilielekea palipotengenezwa kuipokea. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Twadhani methali hiyo haisifu subira peke yake: kamba hurudi pale pale, katika mfuo ule ule. Subira isiyojua mahali pake ni uvivu, na juhudi isiyojua mahali pake ni uharibifu.

Lakini swali letu la kwanza lingaliko. Je, kumwita mzee hakukuwa kutegemea? Tunajibu kwamba Azimio lilipozungumza juu ya kujitegemea, lilizungumza na taifa, nalo lilitaka taifa lianzie kwa watu wake na ardhi yake kabla ya kungojea fedha za wageni. Jirani yule na bamba lake la fremu ya lori walikuwa sehemu ya hicho tunachokiita “sisi”. Tulipompita bila kumuuliza, tuliitupa akiba yetu wenyewe. Mwaka ule ule wa 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alionya kwamba shule zaweza kumfanya msomi ajione yu mbali na watu waliomlea. Tulikuwa tumeyasoma maneno hayo na kuyafundisha, tusijue kwamba yalituhusu.

Tulipomlipa mzee ujira wake aliupokea, kisha akasita mlangoni. Alikuwa na kitabu cha matengenezo ya injini, kimeandikwa kwa Kiingereza, alichokiweka miaka mingi akitazama picha tu. Hakujua amwombe nani amsomee. Kumbe naye alikuwa akitupita kila asubuhi! Kwa majuma kadhaa tulikaa barazani kwake, sisi tukitafsiri, yeye akitusahihisha kila tulipotafsiri neno tusilolijua kwa mkono.

Leo vipuri havikosekani kama zamani, na ufundi wa aina ile hupimwa na kupewa cheti katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo cheti hakiondoi haya ya kuuliza, wala wingi wa vipuri hautufundishi kuinama. Nao wazee wetu walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Puli ile tuliirudisha, mzee akiwa ameusawazisha kwa tupa ukingo uliomeguka ili usikate mkanda. Pengo lilibaki. Mpwa wetu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye gereji yake, huwaeleza wanafunzi wake habari za pengo lile, na kabla mtu hajashika nyundo, humuuliza kwanza: “Umemuuliza nani?”