Mawe ya Yordani na Watoto wa Nyumbani Mwetu

Somo: Yoshua 4:1–9



Habari hii mwaijua. Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka Yordani mahali pakavu, Mungu hakumwamuru Yoshua awakusanye watoto na kuwahutubia. Aliagiza watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, waende katikati ya mto, pale iliposimama miguu ya makuhani, na kila mmoja atwae jiwe na kulibeba begani. Mawe yale yakasimamishwa Gilgali. Sababu nayo ikatolewa wazi: siku moja watoto watayaona, watauliza, na baba zao watawajibu.

Tuutazame utaratibu huo. Jiwe lilitangulia. Swali lilifuata. Jibu lilikuja mwisho. Sisi tuliofundisha tumezoea kuanzia mwisho: tulimpa mtoto jibu, akalikariri, tukampigia makofi, naye hakuwa ameuliza lolote.

Twasema hivi kwa sababu kosa hili ni letu. Chuoni, miaka ya mwanzo ya 1980, tulifundishwa vema. Kila mwanachuo alipaswa kuwa na kikapu chake cha zana: magunzi, mbegu, vizibo vya soda, vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Lakini tulipofika kazini tulikuta madarasa yamejaa, maana baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto waliandikishwa kwa wingi, na hilo lilikuwa jambo jema. Kikapu kikapanda juu ya kabati. Fimbo ilikuwa karibu zaidi. Palikuwa na mtoto mmoja wa Darasa la Kwanza aliyekuwa akificha vipande vya magunzi mfukoni ili ahesabu kwa siri chini ya dawati. Tukamkamata, tukavitupa nje dirishani, tukamchapa, tukamwambia ahesabu kwa kichwa kama wenzake. Hakufika mbali na shule. Leo ni fundi seremala, na mlango wa nyumba yetu ameutengeneza yeye. Alipokuwa akipima mbao tulimwona akiweka alama kwa penseli, moja, mbili, tatu, kisha akizigusa kwa kidole. Hakutukumbusha neno. Sisi tulikumbuka.

Mambo hayo yaliturudia mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na watoto wa shule za msingi hawakurudi hadi tarehe 29 Juni. Mjukuu wetu aliletwa kwetu Kerenge. Alikuwa hodari sana wa kuhesabu: moja hadi mia bila kupumua. Siku ya kwanza bibi yake akamwambia alete machungwa saba kutoka kapuni. Akaleta yote aliyoweza kubeba. Baba Yetu pia aliijua yote, tena upesi mno, na tulipomwuliza mkate wa kila siku ni nini akasema ni ule wa dukani, ambao kwetu haupatikani kila siku.

Basi tukalishusha kapu letu la zamani, maana fimbo tulikwisha kuiacha. Tukaanza na kazi zilizomo nyumbani, kwa kuwa mtoto hupenda kufanya kile afanyacho mtu mzima. Bibi alipochambua maharage, mjukuu alitenga mazima huku na mabovu kule, kisha makubwa na madogo, kisha akayapanga kumi kumi. Alipochota maji alitafuta ni makopo mangapi yajazayo ndoo, akabahatisha kwanza, akapima, akakosea, akacheka. Herufi tuliziandika kwa kidole juu ya mchanga na majivu, kisha akazifinyanga kwa udongo na kuzianika juani. Herufi «m» ilimvunjikia mara tatu, na tangu hapo hakuisahau. Singa za mkonge, ambazo wilaya yetu yazijua vizuri, zilimfundisha kusokota kamba, na kamba ikamfundisha kupima urefu wa kitanda, wa mbuzi na wa babu. Jioni tulicheza bao. Sharti la babu lilikuwa moja tu: kabla ya kusogeza kete aseme zitaishia shimo lipi.

Hapa tuwaonye akina mama na akina dada: punje, komwe na vizibo asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Huvitia puani na mdomoni. Huyo mpeni magunzi mazima na vikombe vya maji, nanyi mkae naye.

Wengine watasema haya ni ya walimu, au ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, tena kwa watoto wa maskini. Lakini karibu miaka 300 kabla yake, askofu mmoja aitwaye Comenius, wa kanisa lile ambalo ndugu zetu Wamoraviani wanalihesabu kuwa chimbuko lao, aliandika kitabu juu ya mafundisho ya mtoto magotini pa mama, katika miaka sita ya kwanza. Na hapa kwetu, enzi za Askofu Steere huko Unguja, watoto waliookolewa katika utumwa waliingizwa katika kazi ya kupiga chapa. Walipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole vyao, wakizisoma kinyume, na kwa mikono hiyo kurasa za Kiswahili zikachapwa. Hata bibi zetu wa Kizigua na Kisambaa hawakuwa na kitabu. Walikuwa na kinu, ungo na hadithi, na mtoto alikuwa kando yao tangu asubuhi.

Siku hizi watoto wetu wana darasa la awali, nasi twamshukuru Mungu. Lakini mtoto huliingia akiwa na miaka mitano hivi. Ile mitano ya kwanza ni ya nani? Tuliposimama kisimani pa ubatizo tuliahidi kwamba mtoto atafundishwa. Hatukuahidi kwamba mwalimu wa Jumapili peke yake atamfundisha, saa moja kwa juma. Mtakatifu Paulo alipoitafuta asili ya imani ya Timotheo hakutaja shule. Alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Katika mambo ya imani nako jiwe na litangulie. Mpeni mtoto mbegu tatu za maharage azipande katika kopo, na moja azifukue kila baada ya siku mbili kuitazama. Mtakapofika Pasaka na kumsomea habari ya chembe ya ngano atakuwa na la kusema. Mpeni mkate wa nyumbani aumege awagawie wenzake. Akoroge chumvi katika maji, aonje, aulize imekwenda wapi. Ila msikimbilie kufafanua. Sisi tuliwahi kumwonyesha mjukuu mafiga matatu yaliyobeba chungu kimoja, tukaanza kumweleza Utatu Mtakatifu kwa haraka, naye akauliza, «Babu, figa lipi ndilo Baba, mbona lile limepasuka?» Tulinyamaza. Tangu siku ile mafiga tumewaachia Mapadre.

Yatakiwa uvumilivu, nao ndio mgumu kwetu wazee. Mkono wa mtoto ni mwepesi kuchafua na mzito kumaliza. Ukiona anakosea hamu yako ni kumnyang'anya umalize wewe. Mwache. Na baba anayerudi jioni kutoka shambani amechoka, hatumwambii aanze darasa. Amwite mtoto washike jembe pamoja, wahesabu mashimo ya mahindi na punje za kila shimo. Hiyo yatosha kwa siku.

Mwaka huo, kabla shule hazijafunguliwa, tulishuka na mjukuu kutafuta mawe ya mto. Yeye alibeba madogo, sisi yaliyotuweza. Tukayapanga kumi na mawili kando ya mlango ule wa fundi, na tukajizuia kusema sababu. Siku nyingi alipita akayaruka, akayaketia, akayahesabu, akamfukuza kuku juu yake. Kisha jioni moja fundi alikuja kurekebisha bawaba. Mjukuu akamshika mkono, akamwonyesha, akamwuliza kama anajua mawe yale ni ya nini. Fundi akatutazama sisi. Tukaleta kigoda cha tatu, tukaketi wote watatu, tukaanza kuwasimulia habari za Yordani.