Kipimo cha Sindano

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu alipomlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, alimwamrisha atengeneze nguo za vita za chuma, na apime sawasawa katika kuunga pete zake. Habari hii imo katika Sura Saba, aya ya 10 na 11. Na papo hapo, katika aya hiyo ya pili, yafuata amri ya kutenda mema. Basi kipimo cha kazi na wema wa amali vimewekwa pamoja.

Tazameni kofia zetu za viua. Mshonaji hutoboa kiua kimoja kimoja, akakizungushia uzi. Kimoja kikipanuka kupita wenziwe, nakshi yote huharibika. Uzuri wake si wingi wa uzi, bali ni kila kitu kuwa mahali pake.

Wala kupenda vazi zuri si kiburi. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa jambo hilo alibainisha kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Lakini twawaona waivaao kofia hiyo siku ya Ijumaa, wakakaa safu ya mbele, ilhali mwanamke aliyeishona siku nyingi angali akingoja ujira wake. Mtu huyo amevaa kipimo kichwani, na moyoni hana.

Basi tuwalipe watufanyiao kazi bila ya kuwakawiza, na matumizi yetu yawe baina ya israfu na ubakhili. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.